Foku ya Yusra na Wajuzi wa Makandana

Ukipita Makandana, hapa Tukuyu, asubuhi, mvua ikiwa imeamua kupumzika kidogo, utakuta benchi la mbao limeegemea kibanda cha Ambwene, fundi baiskeli. Benchi lina miguu mitatu na tofali moja, na watu wake wanajua kila kitu; wasichokijua wanakijua zaidi. Kuna Lazaro, anayeitwa Nakala kwa sababu alitoa fotokopi miaka mingi karibu na mahakama na tangu hapo anajihesabu kuwa nusu wakili. Kuna Alinanuswe, muuza viatu vya mtumba, ambaye kila anachokiuza ni "gredi wani", mpaka jina likamganda mwenyewe. Kuna mzee Andongwisye, mkulima wa chai wa Suma, anayekuja mjini kutafuta dawa ya magoti na kurudi na habari badala ya dawa. Na kuna Kasim, mwenye duka la makufuli na misumari, wanayemwita Kufuli, na si kwa sababu ya duka peke yake. Muddy anawamiminia kahawa na haingii kwenye mabishano, kwa sababu anajua watu wakibishana wanakunywa zaidi.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa Kasim alifika wa mwisho, kwapani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Hakusalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja hadi pale baiskeli ya binti yake ilipogeuzwa magurudumu juu, akafungua gunia, akatoa foku ya chuma, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, aliyoing'oa kwenye baiskeli ya zamani ya shemeji yake. Ilikuwa nzito, imepakwa rangi ya kijani upya, na harufu ya rangi bado inasikika.

— Ambwene, toa hiyo ya kaboni, weka hii.

Ambwene alikuwa anakaza waya wa breki. Aliitazama foku ya chuma, akaitazama ile nyeusi iliyokuwa kwenye baiskeli, akamtazama Kasim.

— Mwenyewe amesema?

— Mwenyewe ni mtoto wangu.

— Hilo najua, Baba Yusra. Nimeuliza kama amesema.

Kasim aliketi pembeni mwa benchi, upande wa tofali, akapokea kikombe. Ambwene hakubisha, ila alianza kutafuta spana kwa taratibu mno, kama mtu anayeomba spana yenyewe isionekane.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Yusra, binti wa Kasim, asubuhi anamsaidia baba yake dukani na jioni anaendesha baiskeli ya resi hadi Kiwira na kurudi, kilemba chini ya kofia ngumu, miguu haitulii. Baiskeli alitafutiwa na Alinanuswe huko Mbeya, kwenye kontena la mitumba. Ni ya zamani, fremu ya alumini, na foku ya mbele ya kaboni, ya miaka ile ambayo kaboni ilikuwa bado kitu cha kujivunia. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na mbio ambazo mji mzima uliziita mbio za Kyela. Na Tukuyu mtu haendi Kyela, anashuka Kyela. Kasim aliposikia neno Kyela siku binti yake alipomletea habari, aliona kona zote za ule mteremko kwa pamoja, na malori, na mtoto wake katikati juu ya kijiti cheusi chepesi kama ufagio. Tangu siku ile hakulala vizuri. Ndiyo sababu ya lile gunia.

Alinanuswe ndiye aliyeumia wa kwanza. Baiskeli ile aliichagua yeye, na kuibadilisha foku ilikuwa sawa na kumwambia mbele za watu kuwa macho yake hayaoni.

— Mzee wangu, unaniaibisha. Hiyo foku ni gredi wani kinoma. Ya zamani, siyo hizi za sasa.

— Zamani ndiyo ubaya wake, alisema Kasim.

— Zamani ndiyo uzuri wake. Sikiliza. Kitu kikiwa kigeni duniani, anayekitengeneza anaogopa kesi. Kaboni ni kitambaa, mzee, kitambaa kinalowekwa gundi. Sasa huyo wa zamani alikuwa anaogopa, akawa anaweka kitambaa juu ya kitambaa, akiongeza na kingine cha kumtuliza moyo. Wa siku hizi wameshazoea, wanapunguza. Ni kama viatu. Vya zamani soli ilishonwa, vya sasa inabandikwa, ukikanyaga tope la hapa kwetu soli inabaki, wewe unaendelea.

Alieleza pia kuwa foku ile inameza mtikisiko. Yusra mwenyewe alimwambia kwamba zamani, kwenye ile lami ya kokoto, mikono ilikuwa inakufa ganzi kabla hajafika Kiwira, na sasa anafika na vidole vyote kumi vinamsikiliza. Wahenga hawakukosea, alimalizia Alinanuswe: ukiona vyaelea, vimeundwa. Foku ile hata ukiitupa ziwa Kisiba itaelea.

— Itaelea? aliuliza Lazaro.

— Imeundwa.

Lazaro aliweka kikombe chini. Watu wa benchi wanalijua tendo hilo. Nakala akiweka kikombe chini, mahakama imekaa. Aliomba kwanza ieleweke kwamba yeye hana ugomvi na baiskeli, ana ugomvi na neno. Kaboni yeye ameishika kwa mikono yake. Ni karatasi nyeusi, unaiweka kati ya karatasi mbili, unaandika juu, inatokea chini.

— Sasa nambieni, kinachotokea chini kinaitwaje?

— Nakala, alisema Ambwene kutoka nyuma ya baiskeli, kwa sababu mtu lazima ajibu.

— Nakala. Kwa hiyo foku ya kaboni ni nakala ya foku. Orijino ilikuwepo mahali, ya chuma, wakaipitishia kaboni, ikatoka hiyo. Na nakala haipokelewi popote bila muhuri. Muhuri uko wapi?

Walitafuta muhuri. Wote, hata Alinanuswe aliyekuwa anapinga, waliinama juu ya ile foku mpaka vichwa vikagongana. Kulikuwa na stika iliyochubuka, herufi mbili na nusu zimebaki. Lazaro alifurahi kama mtu aliyeshinda rufaa. Muhuri umefutika, alisema, na kwa uzee wake ule hiyo itakuwa nakala ya nakala, pengine ile ya tatu kutoka juu, na kila aliyewahi kupewa nakala ya tatu anajua haisomeki. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, aliongeza, na kwa kuwa kweli walikuwa wameinama hakuna aliyeona kasoro.

Mzee Andongwisye muda wote alikuwa analikanda goti. Kiswahili chake kinapita Suma kwanza ndipo kinafika mjini.

— Ninyi hamujui kaboni. Kaboni ilikuja kwetu Suma.

Akasimulia. Walikuja vijana na tepu ya kupimia, wakazungusha miti kiunoni kama mafundi cherehani, wakaandika. Wakasema miti ya wanakijiji imebeba kaboni nyingi mno, nyingi fijo, na huko mbali kuna watu wanaitaka. Mzee aliuliza wataichukuaje, wakamwambia haichukuliwi, inabaki humo humo ndani ya mti. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa wamepata mnunuzi asiyebeba mzigo.

— Kwa hiyo mzee, foku hii ni mti? aliuliza Alinanuswe kwa matumaini.

— Ni muti. Na muti wa samani ni mugumu kuliko muche.

— Umesikia, mzee Kasim. Mti wa zamani.

— Ngoja, gwe. Sijamalisa. Walisema tena kaboni ni hewa. Ikikaa ndani ni salama, ikitoka inaharibu dunia. Sasa mutoto akishuka Kyela na hiyo foku ikapasuka, hewa yote inatoka. Si Kasim peke yake atalia. Italia dunia.

Alinanuswe alishika kichwa. Dakika moja tu alikuwa na shahidi, sasa shahidi amehamia upande wa pili na kuchukua dunia nzima pamoja naye.

Kasim aliwasikiliza kwa uso wa duka lililofungwa. Aliwapenda watu hawa. Hilo hakuwahi kulisema na hakutarajia kulisema. Ila leo maneno yao yalimchoma, kwa sababu wao walikuwa wanacheza na foku, na yeye alikuwa anamwona mtoto. Alipoongea aliongea kwa sauti ya chini.

— Mimi nauza chuma. Chuma kikichoka kinakwambia. Kinapinda kwanza, kinalia, unakiona. Hicho kitu hakipindi. Kinanyamaza siku zote, halafu siku moja kinavunjika.

— Kama mtu fulani hapa, alisema Lazaro, na benchi likacheka hadi tofali likasogea. Kasim mwenyewe alitabasamu kidogo, kikombe mdomoni, asionekane.

Ambwene aliona nafasi. Hakuwa mtu wa nadharia, na kwa kweli baiskeli zenye kaboni alizozigusa maishani zilikuwa hiyo moja tu. Ila alikuwa amesikia mahali kwamba kaboni inagongwa kwa sarafu: penye uzima inalia kwa ukali, penye kuoza inalia kwa uzito kama kibuyu kilichojaa. Alisema ameipitishia kitambaa foku nzima, hakuona ufa, na pale gundi iliposhikana na bomba la alumini pamekaza. Imebaki kuisikiliza. Akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga kutoka juu.

Benchi likanyamaza. Hata Muddy alishika kifuniko cha birika kisigonge.

— Umesikia? Ti, ti, ti. Nzima, alisema Alinanuswe.

— Mimi nimesikia du, alisema Lazaro.

— Wapi du?

— Hapo katikati. Ti, du, ti. Hiyo du ndiyo hatari. Na ngoma ikivuma sana hupasuka, kwa hiyo hata hizo ti si za kushangilia.

Waligonga tena. Waligonga kwa sarafu, wakagonga kwa kijiko, Lazaro akagonga kwa funguo za nyumba yake akidai zina sauti ya haki. Kila mtu alisikia alichokuja nacho. Mzee Andongwisye, ambaye sikio lake la kushoto lilishastaafu, aliulizwa amesikia nini, akasema yeye amesikia foku inasema ndaga.

— Inashukuru nini, mzee?

— Kwamba bado munaiuliza.

Hapo pangekuwa mahali pazuri pa kuishia, watu wamecheka na kahawa bado ipo. Lakini Lazaro ana ugonjwa wa kufariji watu. Alimwona Kasim hajacheka, akasogea karibu, akamwekea mkono begani, na kwa nia njema kabisa akamwambia:

— Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Methali ile ilitua katikati ya benchi na hakuna aliyeiokota. Hata Lazaro, neno likiwa limeshatoka, alilisikia na kuona lilipoangukia. Kasim alikitazama kikombe chake.

— Koleo ni Yusra? aliuliza.

— Sikumaanisha hivyo.

— Nina koleo moja tu, Lazaro.

Kisha akafanya ambalo hakuwahi kulifanya pale kijiweni. Aliongea bila kuulizwa. Alisema yeye kaboni haijui na hajali, iwe kitambaa, iwe karatasi, iwe mti wa Suma. Alisema kila jioni mtoto akitoka, yeye anasimama mlangoni pa duka, anamwangalia mpaka anakata ile kona, halafu anarudi ndani na kujifanya anahesabu misumari. Mteja akija anampa kitasa badala ya kufuli. Anasikiliza barabara tu. Mama yake Yusra alipofariki walimwambia amshike mtoto vizuri, na yeye anajua kushika kwa namna moja tu, ya chuma.

— Naogopa, alisema. Ndiyo hiyo tu. Naogopa mteremko.

Mzee Andongwisye aliacha goti. Alinanuswe, aliyekuwa ametetea foku ile asubuhi nzima kwa jasho lake, alitazama viatu vyake, vya gredi wani, akasema polepole kuwa kama ni hivyo basi iwekwe ya chuma. Baiskeli itakuwa nzito, lakini kwenye mteremko uzito unashuka wenyewe, hauna shida. Yeye mwenyewe atamweleza Yusra, atasema lilikuwa wazo lake, lawama zimwangukie yeye. Lazaro akasema naye atakuwa shahidi. Mzee akasema atasema uongo wowote watakaomupa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi benchi lile kukubaliana juu ya kitu, na walikubaliana kwa mapenzi matupu.

Kwa hiyo Ambwene hakuwa na pa kukimbilia tena. Spana ikaonekana. Alilegeza bolti ya juu, akatoa gurudumu la mbele, akafungua breki, akaivuta foku ya kaboni taratibu mpaka ikatoka yote, akailaza juu ya gunia. Ilikuwa nyepesi hata gunia halikubonyea. Akanyoosha mkono kupokea ile ya chuma.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja anasukuma toroli yenye tairi bapa, mkungu wa ndizi juu yake. Alikuwa Tusekile, mkulima wa Kisiba, anayeleta ndizi mjini. Wenyeji wa benchi walimjua kwa sura tu. Alisalimia, mzee Andongwisye akamjibu kwa Kinyakyusa, kisha Tusekile akamwomba Ambwene amjazie upepo. Aliiona baiskeli ya resi imekatwa kichwa, akauliza ni ya nani, akaambiwa ni ya binti wa huyu hapa, anakimbia kesho.

— Hongera, baba. Basi mtanisaidia. Nilitaka kesho nikauze ndizi mbivu kwa hao wakimbiaji na watu wao. Hizo mbio zinaanzia wapi?

— Si ndizo za Kyela, alisema Lazaro.

— Najua za Kyela. Zinaanzia Kyela zinakuja hapa, au zinaanzia hapa zinakwenda Kyela? Nataka kujua nikae wapi na mzigo wangu.

Lazaro alimtazama Alinanuswe.

— Mimi nilijua mzee Kasim ndiye anajua, alisema Alinanuswe.

— Mbio sinashuka, alisema mzee Andongwisye, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza. Nani apande kutoka Kyela kwa baiskeli?

Wakamgeukia Kasim wote, na Tusekile naye akamgeukia, mkono bado kwenye toroli, akingojea jibu dogo la baba mwenye mtoto. Kasim alitafuta. Alirudi kichwani hadi jioni ile binti yake aliposimama mbele ya kaunta, uso unang'aa, akisema baba nimejiandikisha mbio za Kyela, na kuna kitu alikuwa anaendelea kukisema. Kasim aliiona midomo ya mtoto ikisogea. Alichosikia ilikuwa sauti yake mwenyewe, inazungumzia foku. Ameipima foku, ameigonga foku, amemnyima shemeji yake foku, lakini yeye hajamuuliza mtoto hata swali moja.

Alitoa simu. Akabonyeza namba ya binti yake; simu ile ilikuwa ya sauti kubwa, benchi zima likasikia.

— Yusra.

— Abee, baba.

— Hizo mbio zako. Zinaanzia wapi?



— Baba, umeniuliza?

— Nimekuuliza.

— Zinaanzia Kyela, baba. Tunamalizia hapa mjini. Tunapanda mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana nimehangaika na ile baiskeli, nataka wepesi tu. Kuna nini? Kwa nini unauliza?

Kasim aliitazama foku nyeusi juu ya gunia, na ile ya kijani mkononi mwa Ambwene. Kulikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa ya kweli zaidi. Alimtazama mama wa ndizi.

— Nataka kujua nisimame wapi.

Akasikia pumzi ya mtoto wake, ndefu, kisha sauti ambayo hakuisikia tangu Yusra akiwa mdogo.

— Simama pale juu, baba, mlima wa mwisho kabla ya mjini. Hapo ndipo miguu inakataaga. Nikikuona wewe, nitamalizia.

— Nitakuwepo, alisema Kasim.

Ambwene hakusubiri kuambiwa. Aliiweka ile ya chuma chini, akaokota ile ya kaboni kwa mikono miwili, akaanza kuirudisha.